Mbunge wa Kiraka na Ndiyo Yake

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, paa limeacha kuvuja, na fundi cherehani jirani yako ameacha kuazima bisibisi zako za redio kufungulia cherehani yake. Mimi ni mzima. Bado nakaa chumba kile kile cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya kuandikia. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani bila kumwambia mtu, na sasa wapangaji wote tunatambuana mjini kwa soli za viatu.

Kazini nimehamishiwa meza ya dirishani. Ofisi yetu ya kumbukumbu za Bunge inatayarisha kitabu cha majimbo yote ya uchaguzi yaliyowahi kuwepo. Wakubwa wamegawana yale makubwa. Mimi, kwa kuwa ndiye mgeni kitengoni, nimepewa yaliyofutwa, na wenzangu wameshaanza kuniita Mchimba Kaburi. Sasa nadhani unajua nimekutana na nani huko makaburini. Nimekutana na Kiraka, jimbo letu, lile ulilokuwa mbunge wake wa kwanza na wa mwisho.

Limepewa nusu ukurasa. Mkuu wangu wa kazi ni mtu mwema ila ana haraka, na ameshaandika sentensi ya mwisho: "Jimbo lilifutwa kabla ya kumaliza kipindi kimoja cha Bunge, baada ya mbunge wake kutoelewa swali aliloulizwa na Spika." Niliisoma nikahisi masikio yanawaka. Kitabu kitapelekwa maktaba za shule zote, mjomba. Kinaingia mtamboni kuchapwa mwisho wa Juni.

Taarifa rasmi ya siku ile ninayo mbele yangu. Spika anauliza, "Mheshimiwa, huna pingamizi?" Wewe unajibu, "Ndiyo." Basi. Mstari unaofuata wanazungumzia barabara.

Nimekua nikisikia watu wakibishana kuhusu ile ndiyo yako dukani, sokoni, hata msibani. Sijawahi kukuuliza, maana nyumbani kwetu hilo halikuwa swali la mezani. Sasa nakuuliza kikazi. Ulimaanisha nini? Ndiyo, ninalo? Au ndiyo, sinalo?

Nitakuja nyumbani kazi ikipungua.

Mpwa wako,
Betri


1 Machi

Betri wangu,

Marahaba, mama. Barua yako imefika imekunjamana kama iliyolaliwa, lakini maneno yote yalikuwemo. Mimi mzima. Paa linavuja pale pale, na ndoo iko pale pale, kwa hiyo hakuna jipya. Fundi cherehani anakusalimu. Anasema lile gauni alilokupelekea likikubana usimlaumu yeye, ulaumu mkate wa mjini. Redio siku hizi haziletwi nyingi, watu wananiletea simu zilizoangukia chooni. Ninazoziweza nazitengeneza, nyingine naziombea.

Umeuliza habari za Kiraka. Umefanya vizuri, maana tunaolikumbuka tunapungua na wanaolitia chumvi wanaongezeka. Andika hivi.

Jina lake rasmi lilikuwa refu kuliko barabara yake kuu, na hakuna aliyelitumia. Tume ya mipaka ilipomaliza kupanga majimbo makubwa matatu yanayotuzunguka, vilibaki vipande ambavyo hakuna aliyevitaka: soko pamoja na choo chake, nyumba za wafanyakazi wa reli, kiwanda cha matofali, na kilima cha makaburi. Hata kugusana havikugusana vizuri. Mtu wa ramani akaviunga hivyo hivyo. Fundi cherehani alipoiona ramani yenyewe imebandikwa ukutani posta alisema, "Hili si jimbo, hiki ni kiraka, na aliyekishona hakupima." Kufika jioni jina lilikuwa limeshaenea.

Mpaka ulipita katikati ya duka la mkate. Tanuri lilikuwa kwetu, meza ya kuuzia ilikuwa kwa jirani, na mwokaji alijisifu kwamba mkate wake unasafiri nje ya jimbo kabla haujapoa. Wakazi wetu wengi zaidi walikuwa kule kilimani, bahati mbaya hao hawapigi kura.

Kwa nini walinichagua mimi? Kwa sababu hakuna nyumba ambayo sikuwahi kuingia kutengeneza redio, na hakuna nyumba ambayo nilitoka nikasimulia niliyoyakuta ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ilani yangu yote. Ofisi ya mbunge ilikuwa hapa hapa dukani, mwananchi akija na shida anaiweka juu ya meza kando ya redio iliyofunguliwa, naanza na ile iliyotangulia kufika. Nilipata kivuko cha miguu juu ya mtaro wa soko na benchi mbili za zahanati. Kivuko kipo mpaka leo. Benchi moja nayo ipo. Ya pili iko barazani kwa mtu, simtaji.

Kuhusu ile ndiyo, karatasi imekwisha.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Karatasi haikwisha. Ninayo hapa na nusu yake ni nyeupe, mtu angeweza kulima bustani.

Huku hatujambo. Mvua imenyesha, ngazi zimechuja, na sasa mbwa wa mwenye nyumba naye ana miguu ya kijani. Gauni halinibani, mwambie fundi ni shingo tu, na shingo hainenepi kwa mkate.

Mkuu wangu amecheka sana aliposoma habari za duka la mkate, akatuongezea nafasi mpaka ukurasa mzima. Nilidhani nimeshinda. Nikamwomba aondoe ile sentensi yake, akavua miwani. Anasema mtu akiulizwa "huna pingamizi" akajibu "ndiyo", na jimbo lake likafa kwa jibu hilo, basi ama hakuelewa swali ama aliuza. Anasema amekuchagulia neno lenye heshima zaidi. Nimerudi chumbani nimenuna kama mtoto, mjomba.

Kwa hiyo nakurudia tena. Usinipe historia ya tanuri. Nipe maana ya neno moja.

Jambo jingine. Mistari ya barua yako ilikuwa inapanda na kushuka, na sentensi ya mwisho umeiandika juu ya ile iliyoitangulia. Ulikuwa unaandika gizani?

Nakuja kazi ikipungua.

Betri


4 Mei

Betri wangu,

Marahaba, mama. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mambo madogo madogo, hayana maana. Usishangae kuona mwandiko umenyooka. Nimenunua kalamu mpya.

(Si kalamu. Ni mimi, fundi cherehani. Yeye anatamka, mimi naandika, na haoni ninachoandika, kwa hiyo maneno yangu nitayachomeka kwenye mabano.)

Mimi ni mzima kabisa. Nilianza kukupa historia, na sasa nakupa mwisho wake. Kiwanda cha matofali kilifungwa, wafanyakazi wakahama na familia zao. Tume ikahesabu watu upya ikakuta hatutoshi kuitwa jimbo. Ikapendekeza kila kipande kiunganishwe na jimbo la jirani. Lakini kulikuwa na utaratibu: mbunge wa jimbo linalofutwa huulizwa mbele ya Bunge zima kama ana pingamizi. Akiwa nalo, jambo linarudishwa kwa tume, na kwa mwendo wa tume ile uchaguzi ungefika huku Kiraka kikiwa bado kwenye ramani. Jimbo likishapita uchaguzi wa pili huling'oi tena. Kwa hiyo neno moja lilitosha kulibakiza, na watu walinituma nikaliseme.

Siku ile duka lilijaa watu. Niliwaachia redio kubwa ya mbao, nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe ili wanisikie vizuri.

(Nilikuwepo. Nilikuketisha wewe juu ya meza, ulikuwa unalamba betri. Watu walibanana mpaka mlangoni, mwokaji alikuja na unga wake mikononi.)

Spika akauliza, nikajibu. Wanasema baada ya ndiyo redio ilikoroma.

(Ilikoroma kama ng'ombe. Fundi redio mzima, redio yake mwenyewe, siku yake mwenyewe.)

Ndipo zikazaliwa kambi mbili. Wa Ninalo wanasema nilipinga, ila Spika alikuwa na haraka na redio ikameza maneno mengine. Wa Sinalo wanasema hakukuwa na maneno mengine, nilisinzia au nilihongwa. Wamezeeka wakibishana. Wanakuja kubishania hapa hapa dukani, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kalenda ukutani. Nimeshazoea. Hata watoto wakinipita wananiita Mheshimiwa Ndiyo, nami naitika.

Mwache mkuu wako aandike kwamba sikuelewa. Mjinga hana adui, Betri. Anaishi vizuri.

Wasalimie wenye miguu ya kijani.

Mjomba wako

(Kwamba ni mzima si kweli. Jicho la kulia limefunga na la kushoto linaona vivuli. Juzi alimsalimia mwanasesere wangu wa kuvalishia nguo akamwuliza habari za mumewe. Zahanati wamesema ni mtoto wa jicho, na daktari wake yuko huko mjini uliko wewe. Hataki uambiwe. Mimi sijakuambia.)


15 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba umenunua kalamu mpya. Ina maneno mengi kuliko ya zamani.

(Fundi, mistari hii iruke ukimsomea. Asante. Nimelia na nimeshaanza kuulizia hospitali. Usimwache avuke barabara ya sokoni peke yake.)

Huku hatujambo. Nimeazima kitanda cha pili kwa mpangaji wa chini, nitakueleza siku nyingine ni cha nini.

Nimefikiri sana kuhusu barua yako. Mkuu wangu anasema ama hukuelewa ama uliuza. Mimi nakumbuka watu wakisema kwamba baada ya jimbo kufa ulifuatwa ugombee jimbo la jirani, na ungeshinda, ukakataa. Mtu aliyeuza angekwenda kununua pengine. Mtu ambaye hakuelewa angetaka kujaribu tena apate kujisafisha. Wewe ulirudi, ukavua suti, ukafungua duka. Hukuonekana kama mtu aliyepoteza kitu. Kwa hiyo mimi nasema ulikuwa na sababu, na unaificha, na sijui unamfichia nani.

Nisamehe nikisema kwa ukali. Ni wewe uliyenilea. Ulinisuka nywele vibaya mbele ya watu wote wanaosubiri redio zao. Ulinifundisha kusoma kwa maandishi ya nyuma ya maboksi ya betri. Mwaka kesho mtoto wa mtu atasimama darasani na kusoma kwa sauti kwamba mjomba wangu hakuelewa swali, na sentensi hiyo naambiwa niipitishe kwa mkono wangu. Siwezi. Na siwezi kuifuta bila kuweka nyingine mahali pake.

Umesema mjinga hana adui. Sawa. Ila ana mpwa.

Betri


10 Juni

Betri wangu,

Marahaba, mama. Leo hakuna kalamu mpya. Naandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na rula chini ya mkono ili mistari isipigane. Fundi cherehani nimemtuma sokoni akanitafutie uzi wa rangi ambayo haipo, atachelewa. Najua anachomeka maneno. Sioni, lakini nasikia kalamu ikiendelea kuandika wakati mimi nimenyamaza. Kwa hiyo najua umeshaambiwa habari za macho. Usiogope. Ni mtoto wa jicho tu, na mimi nimeshalea.

Unataka sababu. Nakupa wewe, sikipi kitabu.

Mama yako, dada yangu, alipofariki ulikuwa bado mdogo sana. Baba yako tumwache huko aliko. Ulikaa na bibi yako, mimi nikawa huko Bungeni, narudi nyumbani kikao kikiahirishwa. Siku zote nimekuambia ulikuwa mtoto wa maneno mengi, kwamba ulimchosha bibi kwa maswali. Nilikudanganya. Baada ya msiba uliacha kusema. Ulikula, ulilala, ulicheza, ila sauti haikutoka. Bibi akikuita ulikuja na kusimama mbele yake. Zahanati walisema tungoje. Ukija dukani ulichukua betri ukailamba, ikichoma ulimi unaiweka upande huu, isipochoma unaiweka upande ule. Ndipo nikakuita Betri. Nilikuwa nakuita nikitumaini siku moja utanikatalia.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kwenye kikao kile nilikuwa nafunga sanduku mlangoni. Ukaja ukalikalia. Nikakuinua, ukarudi ukalikalia tena. Nikakuuliza kama mtu anavyomsemesha mtoto ambaye hatarajii jibu lake: "Hutaki niende?"

Ukasema, "Ndiyo."

Bibi yako alikuwa anachambua mchele, akauacha. Mimi nilikaa sakafuni na suti yangu. Sikukuuliza mara ya pili, niliogopa neno lisije likarudi ndani. Nikakubusu kichwani nikaenda, kwa sababu watu walikuwa wamenituma, na nililia kwenye treni mbele za watu bila kuona haya.

Hotuba ilikuwa mfukoni mwangu, Betri. Ilikuwa nzuri. Kiraka kilistahili kutetewa, na mpaka leo naamini hivyo. Spika aliponiita nikasimama, mkono wangu ukiwa juu ya karatasi. Akasema, "Mheshimiwa, huna pingamizi?" Lile "huna" lake likaniingia sikioni kama "hutaki" langu. Nikajua kwamba nikisema ninalo, nitabaki huko mpaka uchaguzi, na baada ya uchaguzi tena, na wewe utakaa juu ya masanduku mpaka uzoee. Nilikuwa na nafasi ya kuitoa hotuba. Sikuitoa. Nikajibu kwa neno lile lile uliloniachia mlangoni.

Nililielewa swali. Sijawahi kuelewa swali vizuri kama siku ile.

Sikuwaeleza watu kwa sababu sikuwa na cha kuwaeleza. Wao walimtuma mbunge, aliyejibu ni mjomba. Wa Sinalo wakinicheka wana haki yao. Wa Ninalo wakinitetea naona aibu mpaka nawatengenezea redio bure. Na wewe sikukueleza kwa sababu mtoto hapaswi kukua akijua amefuta jimbo.

Sijutii. Jimbo lilikuwa langu kwa muda mfupi, wewe ni wangu mpaka leo. Nilipofika nyumbani ulikuwa barazani, ukaniuliza nimekuletea nini, na toka siku ile hujanyamaza.

Haya usiyaandike. Mwache mkuu wako na sentensi yake.

Nasikia cherehani imeanza kulia, amerudi. Amepata uzi, sijui wapi.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba uniitikie mara mbili, maana leo nakuamkia mara mbili.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama kwenye ngazi, nikaimaliza nimekaa. Herufi zako zilikuwa kubwa kama za mabango, mpangaji wa chini alipopita akajifanya hazioni. Nilicheka nilipofika kwenye habari za uzi, na kwa mengine nililia tu, sina la kuongeza.

Sikumbuki kunyamaza. Nakumbuka ladha ya betri, na nakumbuka sanduku, kwamba kitasa chake kilikuwa cha baridi nyuma ya magoti. Nimejiuliza tangu juzi kama nilimaanisha "ndiyo, sitaki uende", au "ndiyo, nenda", au kama nilipenda tu kukalia sanduku. Sijui, mjomba. Umejenga maisha juu ya neno ambalo mwenyewe sikumbuki nilikuwa na maana gani nalo. Ila nakumbuka miaka yote iliyofuata. Nakumbuka nikilala na kusikia redio unazozijaribu upande wa pili wa ukuta, na kujua kwamba ukuta una mtu. Kwa hiyo naamini ulinielewa sawasawa.

Sasa kitabu. Umenikataza kuandika na mimi ni mtoto msikivu, sikuandika. Ila sentensi ya mkuu nimeifuta. Sasa panasomeka hivi: "Alipoulizwa na Spika kama hana pingamizi, mbunge alijibu: Ndiyo. Alielewa swali." Mkuu alinyanyua kichwa akaniuliza nina ushahidi gani wa maneno mawili ya mwisho. Nikamwambia ushahidi ninao mdomoni, na kila asubuhi naupiga mswaki. Alinitazama, akatazama saa, akaweka sahihi. Mtu mwenye haraka ana faida zake. Wa Ninalo na wa Sinalo waendelee kubishana, hiyo ni mali yao, sikuwanyang'anya.

Kuna neno mimi nami sikulisema. Kila mara nakuandikia kwamba nitakuja kazi ikipungua. Kazi haijazidi hata siku moja. Niliogopa kuja nikakukuta umezeeka, basi nikawa nakuacha pale pale nilipokuacha, umesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Kumbe umri haukunisubiri nije ndipo uanze.

Daktari wa macho nimeshamwona. Anasema mtoto wa jicho huondolewa na mtu akarudi kuona, na kwamba amewaona wazee kuliko wewe wakitoka kwake wakilalamika rangi ya kuta. Likizo nimepata. Kitanda nilichoazima ni chako. Najua utaniambia nisijisumbue, utanitajia duka, paa na ndoo. Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nakuuliza swali moja tu, na jibu lake uliandike kwa mkono wako mwenyewe.

Hutaki nije kukuchukua?

Betri


2 Julai

NDIYO.

(Ameandika mwenyewe, mimi nimemshikia karatasi tu. Limejaza ukurasa wote, ndiyo maana nimebanwa huku chini. Nimemwambia afafanue ni ndiyo ipi, maana wewe uko mbali na nauli si mchezo, amekataa. Anasema utaelewa, neno ni lako. Duka amelifunga na ufunguo amenipa mimi. Suti ameivaa tangu asubuhi kujaribu kama bado inamkaa, na kiuno nimekipunguza kwa ule uzi. Sanduku limeshafungwa, liko mlangoni, na yeye amelikalia.)